Nimerudi na cheti cha siku 2: je, naweza kusimamia kazi ya kreni?

*"Asalaam alaykum. Mimi ni fomeni kwenye saiti ya hoteli ya ghorofa tatu, upande wa kusini mashariki ya Unguja. Mwezi uliopita tajiri alinipeleka Dar es Salaam kwa kozi ya siku 2, nikarudi na cheti kinachosema mimi ni msimamizi wa unyanyuaji. Wiki ijayo kreni ya tani 50 inakuja kwa meli kutoka Bara. Tutapandisha juu ya paa mtambo wa viyoyozi wa tani 2 na nusu, kenchi za chuma za mita 12 na matangi matatu ya maji ya lita 10,000. Uwanja wetu ni jiwe tupu, hata sululu haiingii. Opereta ana miaka mingi kazini na anasema kreni ya tani 50 kwa mzigo wa tani 2 na nusu ni mchezo. Mimi sijawahi kusimamia kazi hii hata mara moja. Je, cheti kinanitosha? Nikisema simama, nani atanisikiliza? Na likitokea la kutokea, lawama ni ya nani?"*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe usije ukalitafuta huko chini: kwa kazi uliyoieleza, cheti hicho peke yake hakikutoshi. Sisemi kozi yako ni mbovu. Siku 2 zinatosha kumfundisha mtu majina ya vifaa, ishara za mikono, namna ya kusoma chati ya mizigo, yaani jedwali la kreni linaloonesha inaweza kubeba uzito gani kwa umbali gani, na mambo yanayoua watu. Hazitoshi kumpa jicho la kuona kwamba jambo linaanza kwenda kombo wakati kila mtu aliyemzunguka anaona sawa. Jicho hilo hupatikana kwa kusimama pembeni ya mtu anayejua, kreni ikifanya kazi, mara nyingi, mpaka siku ukasema jambo naye akakwambia "hapo umeona".

Hofu yako naiona ni mbili zilizofungwa pamoja. Moja ni ya ujuzi: huna uhakika kama unajua. Ya pili ni ya mamlaka: hata ukijua, huna uhakika kama neno lako lina uzito mbele ya opereta mkongwe na tajiri mwenye haraka. Ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, na kozi nyingi huipitia juu juu.

Kwanza tutenganishe kazi, kwa sababu kwenye saiti zetu watu watano hugeuzwa mmoja. Kuna anayepanga: anapima uzito, anachagua kreni, anaamua isimame wapi, anaandika mpango. Kuna msimamizi, ambaye ndiye wewe: anahakikisha kilichoandikwa ndicho kinachofanyika. Kuna riga anayefunga mzigo, kuna mpiga ishara, na kuna opereta. Uingereza kanuni zao za mwaka 1998 kuhusu vifaa vya kunyanyulia zinataka kila unyanyuaji upangwe na mtu mwenye umahiri, usimamiwe ipasavyo na ufanywe kwa usalama, na mwongozo wao wa kreni, BS 7121, unautenganisha wadhifa wa mpangaji na wa msimamizi. Mtu mmoja anaweza kushika yote mawili kama anayajua yote mawili. Lakini kujua kimoja hakukupi kingine. Cheti chako kimekupa jina la msimamizi. Sasa jiulize: mpango kauandika nani? Kwenye barua yako sikuuona, na hilo ndilo lililonishtua kuliko upya wako. Msimamizi asiye na mpango hana kitu cha kusimamia. Anabaki kupunga mkono tu.

Sasa tuje kwenye huo "mchezo". Tani 50 zilizoandikwa ubavuni mwa kreni ni uwezo wake mzigo ukiwa karibu kabisa, kwa kawaida kama mita 3 kutoka katikati ya mzunguko wake, mkono ukiwa mfupi na miguu yote imetolewa hadi mwisho. Hakuna saiti inayonyanyua hivyo. Kinachoiangusha kreni si uzito peke yake, ni uzito mara umbali. Tani 2 na nusu kwa mita 3 ni jambo jingine kabisa na tani 2 na nusu kwa mita 24. Hoteli yako ina ghorofa tatu, kreni haiwezi kubana ukutani, na mtambo unakwenda katikati ya paa, kwa hiyo sitashangaa umbali ukiwa mita 22 hadi 24. Fungua chati ya kreni hiyo hiyo itakayoletwa, isiwe ya ndugu yake, utafute safu ya mita 24. Kwa kreni nyingi za ukubwa huo utakuta uwezo umeshuka hadi tani 3, 4, pengine 5, kutegemea urefu wa mkono na uzito wa nyuma uliofungwa.

Halafu uanze kutoa. Chati huhesabu kila kinachoning'inia. Ndoano yenyewe na kapi zake inaweza kuwa na kilo 500. Fimbo ya chuma ya kutanulia mikanda, kilo 300. Mikanda na shakeli, zile pingu za chuma zenye pini za kuunganishia mikanda, kilo 100. Mtambo wako wa tani 2 na nusu umeshakuwa tani 3.4, na hapo nimeuamini uzito uliotajiwa. Je, ni uzito wa kwenye kibati cha mtambo, au ni alioukisia dereva wa lori? Una mafuta na maji ndani? Umo kwenye kreti? Ukikuta chati inasema 3.6 kwa umbali huo, umebakiwa na kilo 200, na mkono wa kreni ukibeba hupinda kidogo ukasogeza mzigo nje. Kwa sentimita hizo chache kilo 200 zinaweza kumalizika. Opereta wako hakudanganya kuhusu uzoefu wake, ila hesabu aliyokupa haikutaja umbali, na hesabu ya kreni isiyotaja umbali haijaanza.

Utaambiwa: "Lakini kreni ina kompyuta, ikizidi inapiga kelele." Inapiga, kweli, kama iliambiwa ukweli. Kompyuta hiyo inajua mkono una urefu gani na pembe gani, na inajua miguu imetolewa kiasi gani kwa sababu kuna mtu aliyeiingizia. Haijui ardhi chini ya mguu ikoje. Haijui upepo unausukumaje mzigo. Na kwenye kreni chakavu, swichi ya kuizima huwa inang'aa kwa kushikwashikwa. Kaitazame swichi hiyo siku ya kwanza. Itakusimulia tabia ya kreni na ya watu wake kabla hujamuuliza mtu.

Nakuja kwenye jiwe lako, na hapa naomba usome taratibu. "Jiwe tupu, sululu haiingii" ni sentensi inayowapa wageni raha, na mimi inaninyima. Uwanda wa kusini na mashariki ya Unguja ni jiwe la matumbawe ya kale, na jiwe hilo maji ya mvua huliyeyusha polepole kwa maelfu ya miaka likawa na mashimo na mapango ndani. Watu wa Jambiani na Makunduchi hawahitaji kuelezwa na mimi, wanayo mapango wanayoingia kwa miguu. Juu unakuta bamba gumu la nusu mita, chini yake uwazi. Sululu haitakwambia hilo. Mguu wa kreni utakwambia, lakini kwa wakati wake.

Tazama hesabu. Kreni ya namna hiyo yenyewe ina uzito wa karibu tani 40. Ongeza mzigo, una tani 43 na ushei. Mkono ukielekea juu ya mguu mmoja, mguu huo unaweza kuchukua robo tatu ya uzito wote, yaani kama tani 32. Sahani ya chini ya mguu ikiwa ya sentimita 50 kwa 50, hiyo ni robo ya mita ya mraba: tani 32 zimekaa hapo, sawa na tani 128 kwa kila mita moja ya mraba. Ukiweka chini yake sahani nene ya chuma au magogo yaliyofungwa pamoja, mita 1.2 kwa 1.2, mzigo uleule unatawanyika ukawa kama tani 22 kwa mita ya mraba. Kreni inasimama kwa miguu yake kama ngalawa inavyosimama kwa matengo: tengo la upande mmoja likizama, hakuna nahodha hodari wa kukuokoa. Kipande cha ubao kilichopasuka, ambacho ndicho nimekiona chini ya miguu ya kreni mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, hakitawanyi kitu.

Kwa hiyo, kabla ya wiki ijayo, pata michoro ya makaro. Hoteli hazikosi karo la maji machafu, na mara nyingi limeshachimbwa na kufukiwa kabla ya paa kufika. Mahandaki ya mabomba yaliyojazwa kifusi ni hatari vilevile. Waulize wazee wa kijiji kama pana pango au kisima cha zamani karibu, bila kuona haya kwamba ni fomeni unayeuliza. Gonga kwa mtaimbo pale miguu itakaposimama usikilize penye mvumo, lakini usiridhike na kugonga. Kwa mzigo huu, kwenye ardhi hii, nataka mhandisi aje atazame na atoe kauli kwa maandishi, ikibidi atoboe. Hili si la wewe kuamua, na wala si la opereta. Wenzetu wa Pemba shida yao ni nyingine, udongo wa kinamo kwenye miteremko na mabonde, unaoshika vizuri kiangazi na kuteleza masika. Lakini dawa ni ileile ya mhandisi na sahani pana.

Upepo nao. Katika mizigo yako mitatu, bila shaka umeutilia hofu mtambo. Mimi natilia hofu matangi. Tangi tupu la plastiki la lita 10,000 lina kilo mia mbili na kitu hivi, opereta atalidharau, lakini lina uso wa kama mita 6 za mraba kwa upepo kulisukuma. Upepo wa mita 10 kwa sekunde huisukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya karibu kilo 6. Ukiongezeka maradufu, mita 20 kwa sekunde, nguvu haiwi kilo 12, inakuwa karibu 25. Kwa mwendo huo tangi lako linasukumwa pembeni kwa kilo 150, na lenyewe halina uzito wa kujizuia. Ndiyo maana kila mtengenezaji huweka kikomo cha upepo kwenye kitabu chake, mara nyingi karibu na mita 9 au 10 kwa sekunde, na kwa mizigo mipana kikomo hushushwa zaidi. Sasa hapo kwenu pwani, kusi likishika, mchana hufika huko bila kubisha hodi. Panga matangi yapande asubuhi mapema. Nunua kipima upepo cha mkononi, bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na siku moja ya kreni, na upime juu ya paa, si chini kwenye kivuli cha ukuta.

Tarehe 14 Julai 1999, mjini Milwaukee, Marekani, kreni kubwa iliporomoka ikiwa imebeba kipande cha paa la uwanja wa michezo, mafundi 3 wakafa. Ilibainika kwamba nguvu ya upepo juu ya mzigo wenyewe haikuhesabiwa. Na ile ya Makka, Ijumaa ya tarehe 11 Septemba 2015, iliyoua mahujaji zaidi ya mia, haikuwa ikinyanyua kitu. Mkono wake ulikuwa umeachwa juu wakati haitumiki, kinyume na maelekezo ya mtengenezaji, dhoruba ikaja. Jioni kazi ikisita, kwa hiyo, muulize opereta analazaje mkono wake, na kitabu kinasemaje.

Kuhusu kufunga mzigo nitapita haraka, maana riga mzuri atakushinda kwa hili, ila pembe ya mikanda uijue mwenyewe. Mikanda miwili ikisimama kwa nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja unabeba asilimia 58 ya uzito. Ikilala hadi nyuzi 45, asilimia 71. Ikilala hadi 30, kila mkanda unabeba uzito wote, kana kwamba mwenzake hayupo. Kenchi ya mita 12 na mikanda mifupi ndipo hali hiyo inapozaliwa. Kila mkanda uwe na lebo inayosomeka. Usiosomeka, weka pembeni, usibishane. Shakeli nazo, kwa chumvi ya pwani yetu, zifungue uone kama pini inazunguka mpaka mwisho kwa vidole. Niliwahi kukuta saiti moja pini ya shakeli imebadilishwa kwa bolti ya kawaida iliyokuwepo dukani, imepakwa rangi ileile ya njano. Kwa mbali huioni. Kwa karibu, kichwa chake kilikuwa na pembe sita.

Umeuliza nani atakusikiliza. Atakusikiliza yule aliyeambiwa mapema, mbele ya wenzake, na mwenye mali. Omba barua ya uteuzi, nusu ukurasa inatosha: fulani ndiye msimamizi wa unyanyuaji kwenye saiti hii, ana uwezo wa kusimamisha kazi wakati wowote bila kuulizwa kwanza, na gharama ya kusimama si yake. Tajiri akikataa kuitia saini hiyo sentensi ya mwisho, umeshapata jibu lako, na ni bora ulipate ofisini kuliko chini ya mzigo. Barua ikishapatikana, asubuhi ya kazi kusanya watu wote kwa dakika 10: mzigo gani, unapita wapi, nani peke yake anapiga ishara, nani haruhusiwi kuingia ndani ya utepe. Waambie ishara moja tu ndiyo huru kwa kila mtu, hata mpika chai: simama. Opereta anaitii kutoka kwa yeyote.

Na kwa yule mkongwe, usimwendee kwa cheti. Mwendee kwa adabu, "kaka, nisomeshe chati yako, tukae sote tuone mita 24 inasemaje". Opereta mzuri atafurahi, kwa sababu maisha yake yamo ndani ya kibanda kile. Akikwepa kuifungua, au chati haimo ndani ya kreni, kazi haianzi.

Siku hiyo mtambo unyanyuliwe kwanza sentimita 20 kutoka chini, usimame hapo. Usitazame mzigo, kila mtu mwingine anautazama. Wewe tembea mguu hadi mguu. Tazama ukingo wa sahani kama umeanza kuzama upande mmoja, tazama kiputo cha maji cha kupimia usawa, pima kwa futi ya utepe umbali halisi ulinganishe na wa kwenye mpango. Mpe dakika chache. Ardhi yenye uwazi chini haijibu papo hapo kila mara. Chochote kikitofautiana na kilichoandikwa, teremsha. Msimamizi habadilishi mpango akiwa uwanjani. Anausimamisha, anampigia aliyeupanga.

Ufanye nini basi? Naona njia tatu. Ya kwanza ni kusimamia mwenyewe kama ilivyo, na nimeshakwambia siikubali kwa kazi hii. Ya pili ni tajiri asikodi kreni tupu, bali aikabidhi kampuni ya kreni kazi nzima: waje na mpangaji wao, msimamizi wao, riga wao, na dhamana iwe kwao. Ni ghali zaidi, na uisome mikataba, maana wengine huita hivyo huku wakileta opereta na utingo tu. Ya tatu, ninayoipenda kwako, ni kumleta kwa siku hizo msimamizi mwenye uzoefu wa kuonesha kwa maandishi, nawe uwe msaidizi wake kwa barua. Halafu uanzishe daftari: tarehe, kreni, mzigo, umbali, upepo, nani alikuwa juu yako, nini kilikwenda kombo, saini yake. Anza na mizigo myepesi isiyopita juu ya watu, ardhi inayojulikana, mbali na nyaya. Baada ya miezi kadhaa ya daftari la namna hiyo, cheti chako kitakuwa na kitu nyuma yake. Ukitaka kujiendeleza, uliza kozi inayofuata ISO 23813, ambayo ni mwongozo wa kimataifa wa kumfundisha anayeteuliwa kuongoza kazi za kreni, na uulize kabla ya kulipa kama mtihani wake una sehemu ya uwanjani. Wakikwambia ni maswali ya kuchagua peke yake, bakisha pesa yako.

La lawama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini Na. 8 ya mwaka 2005 ndiyo inayotuhusu Zanzibar. Ile ya Bara ya 2003 ni yao. Wajibu mkubwa wa mahali pa kazi kuwa salama uko kwa mwajiri, na hauhami kwa sababu kakupeleka kozi. Lakini mfanyakazi naye ana wajibu wa kujali usalama wake na wa wenzake, na saini yako chini ya karatasi usiyoielewa itasomwa na watu wasiokujua. Ndiyo maana nakushauri uandike sasa, kabla ya meli kutia nanga: barua fupi kwa tajiri kwamba hujawahi kusimamia kazi ya namna hii, kwamba unaomba mpango wa maandishi, mhandisi wa ardhi na msimamizi mzoefu. Bila ukali. Baki na nakala.

Kuna mambo ambayo hupaswi kuyamaliza kwa kusoma majibu kama haya. Waya wa umeme ukiwa mahali ambapo mkono au mzigo unaweza kuukaribia, nenda ofisi ya ZECO wazime au wahamishe, na kazi isubiri. Kreni mbili zikihitajika kwa mzigo mmoja, mtu akitakiwa kunyanyuliwa ndani ya kikapu, mzigo ukipita juu ya nyumba yenye watu, au hesabu ikikuonesha umepita robo tatu ya uwezo wa chati, hiyo ni kazi ya mpangaji aliyebobea, aje mwenyewe uwanjani. Na kama tajiri ameshikilia kwamba kreni lazima ianze bila hayo, Idara ya Usalama na Afya Kazini ipo. Nenda na nakala ya barua yako, cheti chako na picha za mahali miguu itakaposimama.